Lisbon au Porto: ukiwa na siku mbili tu Ureno

Binamu yangu anayeishi Muscat aliniletea ujumbe: "Kaka, nitakuwa na siku mbili Ureno nikitoka Uhispania. Nilale Lisbon au Porto?" Nilimjibu palepale: Porto. Miji yote miwili nimeikanyaga, na mtu akitaja siku mbili, jina la Porto hunitoka lenyewe. Saa moja baadaye akaongeza: "Nilisahau kukwambia, nitakuwa na bimkubwa." Hapo nikalazimika kuanza upya. Bimkubwa wake ni shangazi yangu. Magoti yake nayajua, na hadithi zake za Kilwa ndizo nilizokulia.

Haya hapa chini ni lile jibu la pili, nimelirefusha kidogo ili limfae na mwingine aliyekwama njia panda hiyohiyo. Kwenda kote kuwili kwa siku mbili sikushauri. Treni ya kasi kati ya miji hiyo huchukua kama saa tatu, na ukijumlisha kufungasha mizigo, kuisubiri na kutafuta hoteli mpya, nusu ya siku imekwisha hujaona kitu. Chagua mmoja.

Mito miwili, tabia mbili

Kwenye ramani ni kama mapacha. Lisbon iko pale mto Tejo unapomwaga maji Atlantiki. Porto iko pale Douro unapoingia bahari hiyohiyo, yapata kilomita 300 kaskazini. Yote miwili imejengwa juu ya vilima, ina tramu za zamani, ina nyumba zilizovikwa vigae vya bluu na nyeupe.

Ukifika ndipo unapoona tofauti. Mbele ya Lisbon, Tejo ni mpana hata mgeni hudhani ni bahari yenyewe. Maji hupwa na kujaa. Feri za kwenda Cacilhas huvuka asubuhi na jioni zimebeba watu wa kazini, na ukisimama pale Cais do Sodré saa ya watu kurudi makwao utaikumbuka Likoni, ila hapa hakuna mikokoteni wala muuza njugu. Douro kwa upande wake ni mwembamba, umebanwa katikati ya kuta mbili za mawe. Ukiwa ukingo wa Ribeira, mtu wa ng'ambo akifungua mwavuli unaiona rangi yake.

Jambo hili linaonekana dogo lakini ndilo linaloamua mengi. Porto mto uko katikati ya kila kitu: unashuka kwake, unauvuka, unaurudia bila kupanga. Lisbon mto ni mpaka wa mji, na vile vitu ambavyo watu hufunga safari kwenda kuviona vimetapakaa kando yake kwa kilomita kadhaa. Porto unahitaji miguu. Lisbon unahitaji miguu, kadi ya usafiri na subira.

Porto: mji unaotosha siku mbili

Anzia stesheni ya São Bento hata kama huna treni ya kupanda. Ukumbi wake una vigae yapata 20,000 vilivyochorwa na Jorge Colaço, na jengo lilifunguliwa mwaka 1916. Usipite tu ukipiga picha. Tafuta ukuta unaoonyesha kutekwa kwa Ceuta, mji wa Afrika Kaskazini, mwaka 1415. Aliyekuwamo katika vita ile ni Henrique, mwana wa mfalme, aliyezaliwa hapahapa Porto mwaka 1394, na ndiye aliyekuja kuwasukuma mabaharia wa Kireno waishuke pwani ya Afrika magharibi. Safari iliyowafikisha kwetu mizizi yake iko hapa. Watu wa Porto wenyewe huikumbuka Ceuta kwa namna nyingine: husimulia kwamba nyama yote nzuri ya mji ilipakiwa merikebuni kwa ajili ya vita, wao wakabakiwa na matumbo. Mpaka leo huitwa tripeiros, wala-matumbo, na hawaoni aibu. Wa Lisbon nao huitwa alfacinhas, jina linalotokana na saladi. Nani anamcheka nani, amua mwenyewe.

Kutoka São Bento hadi mtoni ni mteremko mtupu. Njiani kuna Palácio da Bolsa, jumba la wafanyabiashara, ambalo huingii ila kwa kuongozwa. Wengi hulipita kwa kuwa nje halina la ajabu. Ndani mna Ukumbi wa Kiarabu, uliojengwa kuanzia mwaka 1862 hadi 1880 kwa kuiga mtindo wa Alhambra, umetiwa dhahabu na maandishi ya Kiarabu kutoka sakafuni hadi darini. Matajiri wa karne ya 19, Wakristo wa kaskazini kabisa ya Ureno, walipotaka kuwatisha wageni wao kwa utajiri waliazima sura ya Waislamu waliokuwa wamewafukuza karne nyingi nyuma. Binamu yangu, aliyezoea kumbi za Oman, nilimwambia aende hata kama ni kwa kucheka.

Halafu daraja. Ponte Dom Luís I lilifunguliwa mwaka 1886, tao lake la chuma limevuka mita 172 kwa hatua moja, na mchoro ni wa Théophile Seyrig, aliyewahi kuwa mshirika wa Gustave Eiffel. Lina sakafu mbili. Ya chini hukupeleka ukingo wa pili wa mto, ya juu ni ya metro na wapita njia, na hapo juu kama una kizunguzungu shika chuma na utazame mbele. Vuka jioni uende bustani ya Jardim do Morro upande wa Vila Nova de Gaia, ukae kwenye nyasi, utazame jua likizama huku mji mzima uking'aa mbele yako. Hakuna tiketi. Kwa maoni yangu ndiyo saa bora kuliko zote katika miji hii miwili, na haihitaji ujuzi wa historia hata chembe.

Gaia ndiko kwenye maghala ya mvinyo unaobeba jina la Porto. Kwa anayekunywa, hiyo ni nusu siku nyingine. Kwa asiyekunywa, mashua za rabelo zilizokuwa zikibeba mapipa kutoka mashambani bado zimefungwa pale ukingoni, na kuna matembezi ya mashua ya chini ya saa moja yanayopita chini ya madaraja sita.

Kilichobaki unakimaliza siku ya pili bila haraka: mnara wa Clérigos wenye ngazi zaidi ya 200, kanisa la São Francisco ambalo mbao zake zimepakwa dhahabu mpaka macho yanachoka, soko la Bolhão. Lile duka la vitabu la Lello la mwaka 1906 lina ngazi nzuri kweli, ila unalipia kiingilio, unapanga foleni na ndani mnasukumana. Fedha ya kiingilio hukatwa kwenye bei ya kitabu ukinunua. Mimi niliona nje yake panatosha.

Lisbon: mji unaokudai

Lisbon ni mji mkuu na una tabia za mji mkuu. Siku yangu ya kwanza niliipoteza Belém, kwenye foleni, juani, kwa ujinga wangu wa kwenda saa tano asubuhi. Ndiyo maana nasema unakudai: ukija bila mpango, siku mbili zinayeyuka.

Jambo la kulielewa kwanza ni tarehe 1 Novemba 1755. Asubuhi ya siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka. Mawimbi yakapanda kutoka mtoni, na moto ukawaka siku kadhaa. Jumba la mfalme lililokuwa ukingoni likapotea na vilivyokuwamo. Uwanja uliojengwa pahali pake ni Praça do Comércio, lakini wenyeji bado huuita Terreiro do Paço, uwanja wa jumba la mfalme. Mitaa iliyonyooka nyuma yake, Baixa, ni kazi ya Marquês de Pombal aliyeujenga mji upya. Kwa hiyo usishangae ukiona katikati ya Lisbon ni kupya kuliko Porto. Kuzee kumebaki pembeni: Alfama juu ya kilima, na Belém upande wa magharibi.

Alfama mtu wa pwani atapaelewa haraka. Jina lenyewe ni la Kiarabu, lilelile lililotupa neno hamamu. Vichochoro vinajipinda kama vya Mji wa Kale Mombasa, nguo zimeanikwa madirishani, bibi mmoja anaongea na mwenzake ghorofa kwa ghorofa. Tramu namba 28 hupita kandokando yake, na kila kitabu cha watalii kinakwambia uipande. Ipande alfajiri au uiache. Saa nne asubuhi imejaa kuliko matatu ya Kongowea siku ya mwisho wa mwezi, na wezi wa mifukoni wanaijua ratiba yake vizuri kuliko wewe.

Belém ndiko merikebu za Vasco da Gama zilikoondoka Julai 1497. Aprili mwaka uliofuata alikuwa Mombasa, ambako hakupokewa vizuri, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi India. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa miaka michache baadaye, sehemu kubwa kwa kodi ya viungo na bidhaa zilizokuja kwa njia hiyo. Kaburi la Gama limo ndani ya kanisa la monasteri, karibu na mlango: jiwe jeupe, mikono imekunjwa, kama mtu aliyelala baada ya kazi ya haki. Tazama foleni yako, kwani ya kanisa si ya ua wa ndani. Kwetu tuliosoma shule tukipelekwa kuona Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1593 na kunyang'anywa na Waomani mwaka 1698, kusimama mbele ya jiwe lile kunaleta hisia ambayo mtalii wa Kijerumani aliye pembeni yako haijui.

Lakini si kwa kaburi nililobadilisha jibu langu. Ni kwa kitu kingine ambacho watu wetu wengi huenda Lisbon na kurudi bila kukisikia.

Dhahabu ya Kilwa

Kati ya katikati ya mji na Belém, mtaa wa Janelas Verdes, lipo jumba la taifa la makumbusho ya sanaa ya kale. Ndani yake mna Custódia de Belém, chombo ambacho Wakatoliki hukiita monstransi, cha kuwekea Ekaristi ili waumini waiabudu. Ni cha dhahabu, kina mitume 12 wamepiga magoti duara, rangi za kioo zimepakwa kwenye kila kanzu, kazi ya sonara Gil Vicente. Kilikamilika mwaka 1506.

Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, Gama alitia nanga Kilwa akamlazimisha mtawala wake, Ibrahim, alipe kodi kwa mfalme wa Ureno, la sivyo mji ungepigwa mizinga. Dhahabu ile akairudisha Lisbon mwaka 1503, na mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo hiki kwa ajili ya monasteri ya Jerónimos. Haya si maneno ya wanahistoria wa baadaye. Yameandikwa kwenye kitako cha chombo chenyewe, na jina la mji wetu limo, kwa tahajia ya wakati ule: QVILOA. Mwaka 1505 wakarudi Kilwa na merikebu nyingi zaidi, wakaupora mji, kisha wakaiteketeza Mombasa.

Nilisimama pale muda mrefu. Ni kizuri, siwezi kukuongopea. Kibao cha maelezo kilikuwa kifupi, watu walipita wakisema "maridadi" kwa lugha zao, na mimi nikawa natafuta herufi saba za mji ambao shangazi alikuwa akituhadithia misikiti yake kabla hatujalala. Nikahesabu: ni sita, siyo saba. Unaona namna akili inavyofanya kazi mbele ya kitu kama kile.

Porto haina kitu cha namna hii. Ina mwanzo wa hadithi, huyo Henrique na Ceuta yake. Lisbon ndiko mizigo ilikoshushwa.

Kuna kipimo kimoja cha lugha kinachonifurahisha hapa. Dunia karibu yote huiita nchi hii kwa jina lililotoka Porto: Portus Cale, bandari ya mdomoni mwa Douro, ndiyo iliyozaa neno Portugal. Sisi tunaiita Ureno, na husemwa kwamba neno letu limetokana na reino, yaani ufalme. Wao walijulikana kwa bandari yao. Kwetu walikuja kwa jina la mfalme. Utakaposoma vibao vya Lisbon utakutana na maneno mengine waliyotuachia: mesa, bandeira, vinho, lenço. Na kanisa, igreja, ambalo kwetu likawa gereza. Sijui kama kuna hukumu fupi kuliko hiyo.

Tumbo na swala

Chakula maarufu cha Porto ni francesinha: mkate, nyama tabaka kwa tabaka zikiwamo za nguruwe, jibini juu, mchuzi wenye bia. Asiyekula nguruwe hana lake hapo. Dawa yake ni kupanda metro hadi Matosinhos, mji wa wavuvi, ambako samaki huchomwa kwa makaa nje ya migahawa, moshi mtaa mzima. Chumvi, ndimu, basi. Nilikula dagaa wakubwa wale mpaka nikasahau bei.

Lisbon mambo ni mepesi zaidi. Eneo la Martim Moniz na mtaa wa Benformoso lina migahawa ya halali ya Wabangladeshi na Wapakistani mlango kwa mlango. Msikiti mkuu wa mji, karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa mwaka 1985, na wengi wa waliouanzisha walikuwa Waislamu waliotoka Msumbiji. Usishangae ukisikia mzee akitaja pwani ya Afrika Mashariki kama mtu anayetaja kwao. Kuku wa piripiri atakupa raha ndogo pia, maana jina la kiungo chake ni pilipili yetu iliyosafiri ikarudi na lafudhi. Na vile vitobosha vya mayai na maziwa vinavyookwa Belém tangu mwaka 1837, kula vya moto, viwili. Vitatu ni ulafi, nimejaribu.

Magoti, mfuko na mvua

Viza ni moja, ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima, kwa hiyo hapo hakuna tofauti. Hoteli za Porto kwa kawaida ni nafuu. Kodi ya mji kwa kila mgeni kwa usiku mmoja niliikuta euro 4 Lisbon na euro 3 Porto. Kutoka uwanja wa ndege wa Lisbon metro inakufikisha mjini chini ya nusu saa. Porto ni kama nusu saa. Porto hunyeshewa zaidi, na kuanzia Novemba beba koti la mvua. Jumatatu usipange Belém wala makumbusho, hufungwa. Na kabla ya kukata tiketi hakikisha jengo unalolitaka liko wazi, maana mnara wa Belém na nyumba za makumbusho hufungwa kwa ukarabati, wakati mwingine kwa miezi mingi.

Juni ina sherehe kote: Lisbon usiku wa tarehe 12 kwa Mtakatifu António, Porto usiku wa tarehe 23 kwa São João, ambako watu wazima wenye akili zao hugongana vichwani kwa nyundo za plastiki. Ya Porto inachangamsha zaidi.

Magoti ndiyo habari nyingine. Porto ni ngazi na miinuko kila unapogeuka. Kushuka Ribeira ni raha, kupanda ni adhabu, na gari la kamba linalopanda kutoka mtoni husaidia sehemu moja tu. Lisbon ina vilima vikali pia, na mawe yake meupe ya njiani huteleza yakilowa, lakini sehemu mbili kubwa, Baixa na Belém, ni tambarare. Tramu ya 15 inaziunganisha, na Janelas Verdes iko njiani.

Basi jibu langu la pili lilikuwa hivi. Kijana mwenye viatu vizuri, wapenzi wawili, mtu aliyechoka anayetaka mji mmoja wa kutembea bila ramani: Porto, na sitaki mjadala. Anayefika Ureno mara moja maishani na ana asili ya pwani yetu, au ana mzazi wa kumshika mkono: Lisbon. Siku ya kwanza Belém kabla ya saa tatu asubuhi, kaburi, vitobosha, kisha dhahabu mchana. Siku ya pili Baixa, teksi hadi juu Alfama badala ya tramu, feri ya Cacilhas jioni kwenda na kurudi kwa ajili ya upepo.

Binamu hakujibu yeye. Ulikuja ujumbe wa sauti, na aliyesema ni shangazi: "Hiyo dhahabu yetu, hapo ilipowekwa pana viti?"

Nikamwambia vipo.